Kipimo cha Kofia

Mimi hupima vichwa. Ndiyo kazi.
Barabara ya Tisa, Ngamiani, wananijua:
maharusi, maimamu, wazee wa Duga
huinamisha utosi, nami huzungusha tepu,
naandika inchi ukutani kwa kalamu ya risasi.

Basi nani anifunze habari ya kichwa cha Kibwana?
Mwezi wa tatu nilimpima, mzaha tu.
Kirefu kwenda nyuma, chembamba masikioni,
kama papai changa.
Nikapima tena. Sikuandika.

Mama mkwe alikikanda kwa mafuta ya nazi,
asubuhi na jioni, kitambaa cha moto, bismillahi.
Jirani akasema nimemlaza ubavu mmoja.
Mwingine hakusema; alimtazama mtoto,
akanitazama mimi, akaaga.

Bombo, Sista Nyange alipapasa
akitafuta pale panapodunda,
akakuta pamekaza kama ukucha.
Daktari akachora fuvu nyuma ya bahasha:
"Hivi vipande, mama, na hii mishono.
Huachwa wazi, ubongo upate nafasi.
Huu wa katikati umefunga kabla ya siku zake."

Mishono!
Kumbe tumboni mwangu mlikuwa na fundi
mwenye haraka kuliko mimi.
Nikauliza swali la kazini:
"Unafumuliwa?"
Akanyamaza kidogo.
"Unafumuliwa."

Niliuza kofia kumi na moja na cherehani ya marehemu baba.
Mume wangu akatoa damu, shemeji akatoa,
muuza kahawa wa pembeni akatoa,
chupa zote hizo kwa mtoto wa kilo saba.

Mabingwa walipofika kutoka Dar
nilikaa mlangoni na sindano na uzi mweupe.
Saa nne nzima
sikumaliza kiua kimoja.

Akatoka amevimba, macho hayafunguki,
bandeji kama kilemba cha mtu mzima.
Nikamtafuta mwanangu ndani ya uso ule,
nikamkuta kidoleni: alinibana.

Siku ya kufungua niliutazama mshono,
sikio hadi sikio, ukienda mapindi mapindi.
Nitasema kweli, mkono ule mzuri.
Hatua sawasawa, uzi haukuvutwa.
Ningemwajiri.

Sasa ana miaka minne.
Kinyozi wa Makorora, mashine ikinguruma,
akaikuta njia nyeupe isiyoota nywele.
"Nani kakushona hivi, bwana mdogo?"
"Mama."

Nilikuwa kwenye benchi. Nilifungua kinywa.
Nikalipa buku, tukaondoka.