Upepo wa Ratili Tatu

Patroli ya baba ilikuwa fupi ya miguu:
tumbo lake lilikwaruza kila jiwe la njia ya Askja.
Baba hakutaka kusikia habari ya kuiinua.
"Gari ni farasi," alisema. "Ukimrefusha miguu
umemfanya twiga, na twiga hana kazi Aislandi."
Akacheka peke yake, akawasha kiko.

Alikufa Februari, kitandani, si barafuni.
Nasema hivyo kwa sababu watu huuliza.

Mwezi wa tano kaka yangu Ketill akaja na trela
na magurudumu manne yaliyonifika kiunoni,
inchi arobaini na nne, yananuka duka.
Mama alitoka, akayazunguka,
akauliza ndege yenyewe inatua lini.

Tukaanza na springi. Za zamani zilitoka zikilia,
zimekaa chini kama watu waliopokea habari mbaya.
Mpya ni nyekundu, ndefu; ukizibana kwa kibano
unaongea nazo kwa adabu,
maana springi iliyobanwa ni hasira iliyofungwa kamba,
na kamba hukatikia pembamba.

Boliti ya shokomzoba, nyuma kushoto, ilishikwa na kutu.
Ketill aliimwagia mafuta, akaipiga nyundo, akaitukana
kwa Kiaislandi cha bibi yetu, kisicho na matusi ya kutosha.
Mwishowe nikaiwashia gesi
hadi ikawa rangi ya chungwa, ikasalimu amri.
Boliti haitaki nguvu, inataka joto.
Nimeolewa mara mbili; nilipaswa kulijua hilo mapema.

Halafu fenda. Magurudumu hayakuingia.
Nikachora mstari kwa chaki, nikavaa miwani, nikawasha grainda,
na mstari wangu ukapita juu ya kile kibonyeo
cha siku ile baba aliporudi kinyumenyume
akagonga nguzo ya lango, mimi nimekaa mbele,
umri miaka saba,
naye akaniambia, "Hujaona kitu."

Nikazima grainda.
Ketill akaenda kuchemsha kahawa
ambayo hakuna aliyeiomba.
Nilisimama pale muda wa vikombe viwili.
Kisha nikawasha tena, nikakata.

Novemba tukaipeleka Vatnajökull,
barafu pana isiyo na ng'ambo.
Theluji ilikuwa mpya, laini kama unga. Gari likazama.
Ketill akashuka, akapiga magoti penye kila gurudumu
kama anayewafungua watoto kamba za viatu,
akauacha upepo utoke: ratili ishirini, kumi, tano,
tatu.
Matairi yakalegea, yakatandaa, yakaota kitambi.
Tumelipa mishahara ya miezi mitano kununua nguvu,
na hapa tunaiomba iwe dhaifu.
Gari likainuka.
Likatembea juu ya theluji taratibu
kama mtu mzito anayepita kando ya kitanda
cha mtoto aliyelala.

Baba alikuwa mtu wa ratili arobaini siku zote.
Sijui nani angethubutu kumgusa vali.
Labda ule usiku wa Januari, aliponishika mkono
akasema alijua tangu zamani
kwamba mimi ndiye niliyemwambia mama habari ya nguzo,
akacheka mpaka akakohoa,
mpaka muuguzi akachungulia.

Tumerudi, na shokomzoba ileile ya kushoto inavuja.
Ketill analaumu kiwanda. Mimi nadhani joto langu lilizidi.
Tutaifungua Jumamosi.

Kile kipande cha fenda mama alikichomeka
ukingoni mwa viazi vyake, upande wa kaskazini,
kibonyeo kikitazama nyumba.
Kinazuia upepo, anasema.
Kiasi.