Jumapili Bila Ramani

Ramani nimeiacha hotelini, chini ya mto.
Leo miguu ndiyo yenye kauli.

Jiji la Mexico limefunga barabara kuu, limeziachia baiskeli;
mbwa mmoja kavalishwa miwani, hana habari nasi.
Mijakaranda imemwaga zambarau
hadi kwenye benchi la Don Eleuterio, mng'arisha viatu.
Anauliza nimetoka wapi. Namwambia.
Anasugua kimya, kidole hadi kisigino,
kisha: "Na huko kuna vumbi?"

Lipo, mzee. Jingi.

Anacheka, kama aliyepata ndugu.

Nanunua hindi la jibini na ndimu,
linanichafua ndevu mbele za watu.

Saa kumi nimepotea,
wala simuulizi mtu njia.
Viatu vinavyong'aa hivi
vina haraka gani?