Hatua Moja Kabla ya Mlango

Bangor, Februari. Chumba hakina dirisha.
Heledd ananivika kofia ya vifungo sitini na vinne,
kila tundu analitia ute baridi
kama anayepaka mafuta kwenye njia za nywele za mtoto.
"Usisikilize," ananiambia. "Wewe tazama filamu."
Filamu ni bubu: mtu anatengeneza saa ya ukutani.

Masikioni, mwanamume nisiyemjua, kakatwakatwa na kompyuta:
barabára, barabára, barabára,
lami inatandikwa,
barabára, barabára,
kisha, bila hodi,
barábara.
Halafu lami tena.

Sikusikiliza, naapa.
Nilikuwa nahesabu meno ya gurudumu,
nawaza zamu ya usiku, wodi ya wazee,
na bwana Gwilym anayeficha vidonge ndani ya soksi.

Baada ya saa nzima ananionyesha skrini.
"Hapa." Mstari unatambaa, unatambaa, unabonyea
kama godoro lililokaliwa na mtoto.
Sehemu ya tano ya sekunde.
Kope haijamaliza kushuka na kupanda
na kichwa changu kimeshasema: mzigo umehama.
Nani kasema?
Si mimi. Mimi nilikuwa kwenye saa.

Basi ndani yangu yumo bawabu,
halipwi, halali, hanijulishi.
Anajua kwamba neno la kwetu
hutua mzigo wake hatua moja kabla ya mlango.
Likiutua mapema, anasimama.
Hata kama maana ipo. Hata kama ni *sawasawa*, ni *vizuri kabisa*,
anasimama kwanza, ndipo aulize.

"Na jina je?" nikauliza.
Miaka kumi na mmoja kazini naitwa Ásumini,
uzito wote umerundikwa mbele
kama mkoba unaovaliwa kifuani kuogopa wezi.
Mimi ni Asumíni.
Mwaka wa kwanza nilisahihisha. Wa pili nilicheka.
Tangu hapo nasema nimezoea.
Heledd alikuwa anafuta ute kwenye paji langu.
"Hilo hatujalipima," akasema,
na akaendelea kufuta mahali palipokwisha kukauka.

Kumbe mazoea yangu yana walakini.
Wananiita mara ngapi kwa zamu? Arobaini?
Mara arobaini bawabu kainuka, kachungulia, kaketi.
Labda ndiyo maana nafika nyumbani
nimechoka kuliko kazi niliyoifanya,
na mume wangu ananiuliza nani kaniudhi
na mimi namjibu hakuna,
na ni kweli, hakuna.

Mlangoni Heledd ananiambia Kiwelisi nacho
hutua mzigo palepale, silabi moja kabla ya mwisho.
Analitaja jina langu.
Analitaja kama mtu anayeweka kikombe
kwenye kisahani chake.

Mvua ya kulalia. Nywele zinanata.
Kwenye basi la Llanfairfechan sauti ya mashine
inatangaza vituo kwa lugha ya huku.
Sielewi hata neno moja.
Mtaa huu, kanisa lile, daraja, sijui.
Natazama maji yakishuka kiooni
na kwa vituo vinne vizima
bawabu amekaa,
nadhani amevua viatu.