Komeo la Pili

Mara ya kwanza nilizungushia makuti ya mtende.
Mbuzi wa Shinuna wakaanza na makuti,
kisha mchicha, kisha kisamvu,
wakamalizia kikapu changu cha kuvunia.

Mara ya pili, wavu wa kuku, laini kama chandarua.
Punda asiye na mwenyewe akauegemea kujikuna;
ukalala chini kama shuka.

Safari hii nimeapa.
Natoka jua halijaushika mlima,
maana ikifika saa tatu chuma cha Ibra
hakishikiki bila kitambaa.
Ardhi hii si udongo wa Wete, jembe likazama;
hapa jembe linarudishwa.
Nachimba kwa mtaimbo, jiwe baada ya jiwe,
na kila jiwe lina mwenziwe chini.
Mashimo kumi na manne.
Nguzo za chuma, kokoto za wadi, saruji mifuko mitatu,
na mwanangu Muhanna ameshika timazi
ananiuliza, baba, tunajenga bustani
au kituo cha polisi?

Wavu mzito, nondo nyembamba zilizochomelewa,
tundu lake halipitishi ngumi.
Chini sikuukata. Niliukunja kwa nje
nikaufukia, upana wa shubiri mbili,
kwa ajili ya mbweha,
ambaye huchimba palepale penye uzio
wala hajui kurudi nyuma hatua moja.
Hilo nilifundishwa na mbweha mwenyewe.
Ada yake ilikuwa kuku saba.

Mlango unafungukia nje. Komeo likatiwa.
Siku ya tatu nikamkuta beberu,
yule wa sikio lililokatika,
analinyanyua komeo kwa ulimi
taratibu, kama mtu anayefunua kawa.
Sikumpiga. Nilisimama nikasoma.
Ndiyo maana komeo la pili liko juu,
na lina pini, na pini ina mnyororo.

Sasa bamia zimenifika kiunoni.
Maji ya falaji yanaingia kwa zamu yangu,
nyuki wanapita, upepo unapita.
Mbuzi wamejipanga nje wanatazama
kama walioalikwa harusini wakakosea siku.

Jana alasiri Shinuna akaja na jagi la maziwa.
Hakuomba radhi,
mchicha wa mwaka jana hakuutaja.
Nikanywa. Mazito,
na kwa mbali, mwisho wa ulimi, ladha ya majani.
Nikamwambia: Shinuna, haya ni yangu.

Akaniongezea.
"Ndiyo nimekurudishia," akasema,
macho yake yako kwenye pini.