Toleo la Kumi na Nne

Sanduku la bati, majani ya mwarobaini kila kona,
magazeti ya katuni sitini na matatu:
urithi wa kaka yangu Nkwabi,
mfagiaji wa mabehewa, stesheni ya Tabora.
Abiria walisoma, wakacheka, wakayaacha chini ya viti
pamoja na maganda ya karanga.
Yeye akayanyoosha kwa pasi ya mkaa.

Leo mnunuzi kaja Kanyenye na glavu nyeupe,
anafunua kurasa kama daktari wa macho.
"La kwanza hili, laki tatu.
Pini hazijashika kutu. Hili, laki na nusu."
Nami naezeka kichwani:
jiko tayari, choo tayari.

Kafika la kumi na nne. Kanyamaza.
"Ukurasa wa mwisho umekatwa."

Umekatwa, ndiyo. Kwa wembe. Na mimi,
darasa la tatu, nikitaka picha ya punda
nibandike kwenye daftari la hesabu;
nyuma ya punda, ndani ya gundi ya uji wa muhogo,
ukazama mwisho wa hadithi.

Nkwabi hakunipiga.
Alichukua penseli, akaandika pembeni:
*Labda alitoka kisimani.*
Mwaka uliofuata: *Labda kamba ilikatika.*
Labda, labda, miaka thelathini,
mpaka nafasi ikabana
na mwandiko ukaanza kutetemeka.

"Tena limechorwachorwa," anasema mnunuzi.
"Hili halina bei."

"Kweli, halina,"
nikalivuta polepole kutoka kwenye glavu.
"Hesabu sitini na mawili."