Ndoo Namba Kumi na Saba

Imenifikia jioni, kifuniko kimefungwa kwa plasta,
mwandiko wa sista Asiimwe umelala upande:
Pelusi Tumwebaze, miaka hamsini na mmoja,
Rukungiri. Figo la kushoto. Saratani ya figo?
Hiyo alama ya kuuliza ndiyo kazi yangu.

Simjui Pelusi. Namjua kwa uzito: gramu mia nne na kumi.
Nasikia alitembea na maumivu ya ubavu miezi tisa,
wakampa dawa za mkojo, wakampa za minyoo,
mpaka picha ya huku Mbarara ikaonyesha
kitu kimelala ndani ya mshipa, kama mgeni
aliyejifunika shuka la mwenyeji.
Nasikia Daktari Kagumire aliubana mshipa mkuu
dakika kumi na mbili, chumba kizima kikasahau kupumua.
Sikuwapo. Mimi hupokea kinachotolewa.

Nalipasua figo kwa urefu.
Safi.
Jekundu kama udongo wa Bushenyi baada ya mvua,
vijia vyake vimepangika, halina doa.
Nalitafuta kosa kama polisi aliyeahidiwa mwizi.
Silioni.

Kosa lilikuwa mlangoni:
ukuta wa mshipa wenyewe umeota nyama,
nyeupe, ngumu, ya nyuzinyuzi, kama ulimi wa mbuzi uliochemshwa.
Chini ya darubini seli zimelala sambamba,
nyembamba, zimechongoka huku na huku.
Miaka kumi na tisa kwenye kiti hiki, sijawahi kuiona hii.
Nikafuta lenzi mara mbili. Nikampigia mwalimu wangu Kampala.
"Ni msuli wa mshipa," akasema. "Andika."

Nikaandika. Nikaikata ile alama ya kuuliza.

Alhamisi akaja bintiye, Ainembabazi,
na kikapu chenye jani moja la mgomba.
"Mama anaomba figo lake. Tukalizike shambani."
Kisha: "Lilikuwa limeoza?"
Ningesema ndiyo, angelala vizuri.
"Lilikuwa zima," nikasema. "Njia yake ndiyo iliyoharibika,
na njia ile haikatwi ikaachwa nyumba."

Akanyamaza. Akapokea kilichobaki, kikinuka fomalini,
akakifunga ndani ya jani taratibu
kama anayemfungia mtu chakula cha safari.
Mlangoni akageuka:
"Na lile la kulia? Litatosha?"

"Litatosha," nikasema,
nami sijaliona.