Hakuna Unga

Saa nane za usiku Chidawali anasaga.
Hakuna uwele, hakuna unga,
ni meno tu, krr, krr,
hata mbuzi zizini huacha kucheua.

Mashine ya Mbande hulipisha kwa debe.
Hii ya kwangu hailipishi,
inakula mawe yake yenyewe.

Juzi Kongwa mjini, picha ya kitambulisho:
mpiga picha akashika kadi ya zamani,
“Huyu ni mdogo wako?”
Taya zimetanuka kama za fahali,
kidevu kimepanda kuitafuta pua,
meno ya mbele mafupi, ya kitoto.

Mchana hagusii shamba lililouzwa.
Nami siulizi.
Usiku naweka kiganja shavuni mwake,
nasikia neno likipita chini ya ngozi,
likigeuka,
bado chenga.